Zulia la Mashati

Kajaani, Januari. Saa tatu asubuhi
na jua bado linasitasita mlangoni.
Taimi Heikura amesimama mbele ya sinki la jikoni,
vidole viwili juu ya ukingo wa chuma.
Juzi vilikuwa vinne.
Mwezi uliopita ilikuwa mikono yote miwili,
iking'ang'ania kama ya mtu aliyening'inia kisimani.

Kiharusi: jina lenye harusi ndani yake,
ila bwana huyu hakuleta posa.
Alikuja Jumanne, kati ya mkate na siagi,
akauoa upande wa kushoto,
wa kulia ukabaki kuhudumia wageni.

Miaka thelathini na mmoja alipeleka barua.
Alizijua kwa nyayo ngazi zote za mji,
ipi ina ulimi wa barafu, ipi ina mbwa.
Leo binti wa miaka ishirini na sita anamfundisha
kwamba kisigino hutangulia, vidole hufuata.

"Fumba macho," asema Saimi. "Hesabu mpaka kumi."
Tatu. Nne. Sakafu inapumua.
Tano. Mguu wa kushoto unatuma habari zake
kwa posta ya zamani:
zinachelewa, zinafika zimelowa, anwani haisomeki.
Sita —
"Nimekushika," asema Saimi, na kweli amemshika,
kwa mkanda, kiunoni.

Wamegombana kuhusu zulia.
Mama yake alilifuma kwa vipande vya mashati:
mstari wa buluu ni baba,
wa kijivu ni kaka aliyeangukiwa na mti msituni,
mwekundu, mwembamba, ni gauni lake mwenyewe la shule.
"Liondoke," alisema Saimi siku ya kwanza.
"Pindo limejikunja. Litakuangusha."
"Watu wangu hawaangushi mtu."

Walimwangusha. Usiku wa Desemba, akielekea msalani.
Alilala juu ya baba yake saa mbili nzima,
shavu kwenye buluu,
akilisikiliza friji likizungumza peke yake.

Kwa hiyo sasa anajifunza na kuinuka,
somo asilofundishwa mtu mzima.
Geuka ubavu. Piga magoti. Tambaa hadi kwenye kiti.
Mguu wenye nguvu mbele. Pumua. Sasa.
Waliosema kujikwaa si kuanguka
hawakutuambia kuanguka ni nini.
Taimi anajua: ni sakafu, kisha ni kazi.

Usiku mvua ilinyesha juu ya theluji, ikaganda.
Nje, barabara imekuwa kioo.
"Leo tubaki ndani," asema Saimi,
na Taimi amekwisha kuvaa viatu vya misumari.
Hatua arobaini mpaka kwenye sanduku la barua.

Na hebu tazama:
mwalimu mstaafu anatembea miguu imetanuka kama bata,
kijana mwenye simu ameikumbatia nguzo ya taa,
mwanamke wa ghorofa ya pili, aliyezoea kumpita bila salamu,
anapiga hatua fupifupi, macho chini,
akiiomba ardhi ruhusa.
Mji mzima umepata kiharusi cha asubuhi moja
na hakuna hata mmoja aliyefanya mazoezi.

Taimi anacheka. Nusu ya mdomo inacheka kwanza,
nusu ya pili inafika baadaye, ikihema.

Sandukuni hamna kitu ila tangazo la miwani.
Analisoma lote, amesimama,
hakushika chochote.
Nyuma yake Saimi ameshika hewa,
nusu shibiri kutoka kwenye mkanda.

Zulia liko ukutani sasa, kwa misumari minne.
Baba amesimama wima, kaka kando yake.
Lakini usiku, akienda msalani, taa imewaka,
mkono ukipapasa ubao wa mlango,
Taimi hufika pale lilipokuwa limelala
akauinua mguu wa kushoto juu zaidi,
asije akawakanyaga.